Vitochi vya Sikio vya Bibi Chungulia

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Aliye jikoni apunguze moto, aje asikilize. Wiki hii ametutoka muuza vifaa vya hospitali. Wengi mlimwita Bibi Chungulia. Ndiye tunayemkumbuka leo, muuza vifaa vya hospitali, Bibi Chungulia.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja, mkabala na lango la zahanati. Mikongojo iliegemea ukutani. Mizani ya watoto wachanga ilikaa mlangoni, na kila mtoto wa mtaa alishapimwa pale bure. Na kwenye kabati la kioo kulikuwa na vitochi vya sikio. Kwa asiyevijua, ni kifaa cha kushika mkononi. Kina taa, kina kioo cha kukuza, na mbele kina kikofia chembamba. Mtabibu huchungulia akaona mpaka ngoma ya sikio.

Zamani vitochi hivyo havikuwa na mnunuzi. Wifi yake, mke wa mdogo wake, alikuwa akipita anamtania.

"Wifi, hizo tochi utazikwa nazo! Nani ataangalia ndani ya sikio? Kuna nini huko, sinema?"

"Cheka tu, wifi. Siku yako ya kuinamisha kichwa inakuja."

Alikuwa na desturi yake. Hakumuuzia mtu kitochi mpaka mnunuzi akitumie kwanza palepale. "Chungulia!" anasema, huku anavuta kilemba pembeni na kutoa sikio lake mwenyewe. Jina likamganda hapo.

Sasa, huyo mdogo wake ni fundi bati. Anakunja mabati, anatengeneza majiko na makarai. Karakana yao ina kelele za kumwamsha maiti. Taratibu, fundi akaanza kutosikia. Mkewe anaita, kimya. Mteja anaagiza jiko, anapewa karai. Watu wakasema ana dharau. Siku moja rundo la mabati liliteleza nyuma yake. Wenzake walipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Hakugeuka. Mabati yalimkosa kisigino kwa upana wa kidole.

Mkewe akasema basi. Karakana asikanyage tena. Na fundi yule, wasikilizaji, hajui kazi nyingine duniani.

"Sikio la kufa halisikii dawa," wifi alisema, machozi yakimlengalenga.

"Nani kasema limekufa?" Bibi Chungulia aliuliza. "Nani kaliangalia?"

Hakuna aliyekuwa ameliangalia. Hata yeye, mwenye kabati zima la vitochi.

Fundi mwenyewe alikataa katakata. "Dada, mimi si redio mbovu ya kufunguliwa nati."

Bibi Chungulia hakubishana naye. Alimwita dukani aje kukaza bawaba ya mlango. Akiwa pale, akaingia muuguzi kutoka zahanati, anataka kununua kitochi. Bibi akamsogezea fundi kigoda, akamwonyesha kwa mikono: kaa, huyu dada anajaribu kifaa.

Fundi akacheka. "Haya, mradi asiling'oe."

Muuguzi akachungulia. Akabadilisha kikofia, akachungulia la pili. Kisha akamwambia Bibi, "Mama, humu kuna pamba."

Pamba! Mafundi bati huziba masikio kwa pamba, kukinga kelele. Kipande kilibaki ndani. Fundi akashindilia kingine juu yake, na kingine, nta ikaziba yote kama lami. Masikio yote mawili.

Walivuka barabara mpaka zahanati. Alitiwa dawa ya kulainisha kwa siku kadhaa, kisha akaoshwa kwa maji ya vuguvugu. Fundi ametusimulia mwenyewe: "Kitu cha kwanza kusikia ni dada anaongea na muuguzi. Nilishtuka. Sauti yake ilikuwa imezeeka, na mimi sikuwepo."

Alirudi karakana. Habari zikatangulia mbele yake. Mafundi bati wakajaa zahanati, wakafuata wasaga nafaka, wakafuata walimu na watoto wasioitika darasani. Zahanati ikataka vitochi zaidi. Na zahanati nyingine, na shule. Kabati likawa tupu kabla ya mzigo mpya kufika. Akatokea mnunuzi mmoja mkubwa, anautaka mzigo wote. Bibi akamwambia, "Panga foleni, baba. Kila zahanati ipate kimoja kwanza." Na wifi yule aliyecheka? Ndiye aliyekuwa akisimamia foleni, na hakuwa na mchezo.

Mwisho, ugonjwa ulimlaza Bibi Chungulia. Sauti ikapungua hadi ikawa pumzi tu. Wanawe walimwinamia, hawakupata neno. Ni fundi bati aliyekaa kitandani kwake, akasikia, akawapa wengine kila neno.

"Anasema nini?" wifi aliuliza.

"Anasema vile vya zahanati ya mlimani visiondoke bila vikofia. Na anakuambia wewe, wifi yake, ukae. Umesimama sana."

Kwa familia, kwa wifi, kwa fundi bati, tunawapa pole. Mungu amlaze pema.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, angalieni nyumbani mwenu. Yupo mnayemwita, haitiki. Msimwite mwenye dharau. Msimchokonoe kwa njiti. Mpelekeni akachunguliwe. Na akianza kusikia, msimharakishe. Kaeni naye, mumsimulie yaliyompita.