Shanta Lililonuka Karafuu

Bismillahi. Kaa, ndugu yangu, nikwambie. Kabla sijamtaja mtu mwengine nnajitaja mwenyewe: niliujua ukweli, na badala ya kuusema nikaomba kikombe cha tatu cha kahawa. Wenzangu waliosema ovyo siku ile walisema kwa kutojua, na Mola ni mwingi wa kusamehe. Mimi nilinyamaza kwa kujua. Swala siachi na Ramadhani nafunga, lakini siku ile nilikuwa mtu wa kanzu tu.

Baraza yetu ilikuwa Ng'ambo, ubavuni mwa kibanda changu, ambako vumbi la Michenzani lilitujia kila siku tangu yale majumba marefu yaanze kupanda. Baada ya alasiri tulikuwa wane wa kudumu. Mabrouk, muuza kahawa, na dele lake la shaba lisilopoa. Msabah, tukimwita Darubini, kwa sababu hakipiti kitu njiani asikione, na akikiona mara moja hukisimulia mara tatu. Shaame wa Tumbatu, tukimwita Methali. Methali alikuwa nazo zote, ila hajui ipi ya wapi. Na mimi, Mcha, Fundi Punda. Kazi yangu kushona soji, yaani tandiko analovikwa punda kabla ya kupakiwa mzigo. Siku yenyewe ilikuwa Jumatano.

Darubini: Leo hajapita.

Mabrouk: Nani?

Darubini: Simai wa Kiembe Samaki. Yule bwana wa shanta la mgongoni. Mwezi mzima anapita hapa, asubuhi kuingia mjini, mchana kwenda mashamba. Kwa miguu! Leo hajapita.

Mabrouk: Si mtu wa serikali yule? Kaniambia kazi yake kuchota maji ya visima yakapimwe.

Darubini: Kakwambia yeye. Mwizi gani alikwambia kazi yake wizi?

Methali: Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ndiyo maana anakwenda kwa miguu.

Mabrouk: Guu lililovunjika litakwendaje, yakhe?

Methali: Methali haiulizwi maswali, Mabrouk. Mimina.

Mabrouk akamimina. Vikombe vikagongana mkononi mwake, kli kli, na ule mlio ukamkumbusha jambo.

Mabrouk: Lakini chupa mimi nimezisikia. Ijumaa iliyopita alisimama hapa kunywa, akalitua shanta taratibu kama anamlaza mtoto. Ndani mna chupa.

Darubini: Gongo!

Mabrouk: Nilisema chupa tu.

Darubini: Na gongo inatiwa kwenye nini, kwenye pakacha? Skizeni. Shanta lile nimelitazama vizuri. Halikai mgongoni kama mashanta ya watu. Nyuma lina magogo mawili marefu, moja huku, moja huku, na katikati pana njia. Mtu akikupita ubavuni unauona mwanga wa upande wa pili. Wallahi, upepo unapita baina ya mzigo na mtu!

Methali: Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Darubini: Hiyo imekaa, kidogo. Basi mtu mwenye kazi ya halali anataka upepo mgongoni kwa nini? Sote hapa tumebeba mizigo. Nani aliyemwambia mchukuzi mwenzake, ngoja kwanza, mgongo wangu upigwe na upepo?

Mabrouk: Pengine chombo kile kikipata moto kinaharibika. Redio, kwa mfano.

Darubini: Ahaa! Redio ya kusema nayo, si ya kusikiliza. Magogo yale ndiyo mlingoti.

Hapo ndugu yangu nilikuwa nasikia jasho, na halikuwa la kahawa. Magogo yale niliyashindilia kwa mikono hii.

Simai alinijia mwezi ule ulipoanza, asubuhi, Darubini yuko bandarini. Alivua shati akanigeuzia mgongo. Subhanallah. Afisini walimpa mfuko wa mpira, na ule mpira na jua na jasho vilimpika: vipele kutoka shingoni mpaka kiunoni, na juu ya uti wa mgongo kidonda cha ukubwa wa kashata. Akasema, "Fundi, baiskeli haipiti kwenye mawe ya kule shamba. Kila siku nnakwenda maili kumi na nne. Nimeona punda wa mteja wako, kabeba mchanga tangu alfajiri na mgongo wake mzima. Nifanyie mimi kama unavyomfanyia punda."

Tukachagua pamoja. Kwanza alikuja na shanta la turubai, la kiaskari: gumu, zito kabla hujatia kitu, linalala mgongoni lote. Tukajaribu mkoba wa ukili. Upepo unapita vizuri, lakini chupa zinacheza na kamba zinakata mabega. Nikamwambia kanuni ya soji: mzigo hauwekwi juu ya uti. Unashona mito miwili ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, mmoja kila upande, katikati unaacha mfereji, hewa inapita, jasho linakauka. Punda asiyeachiwa mfereji haumalizi mwezi. Basi nikachukua turubai jepesi, nikatia mito miwili, mikanda mipana vidole vitatu, na kimo nikakipima kisishuke chini ya kiuno. Sikumpa siku ile. Nilimtilia mawe ratili kumi na tano, nikamwambia zunguka mpaka uwanja wa ndege urudi, kwa sababu dukani kila mzigo ni mwepesi. Akarudi anacheka. "Fundi, nimesahau kama nimebeba."

Ila mito ile inataka kitambaa kinachopitisha hewa, na mimi nilikuwa nacho kimoja tu. Gunia. Gunia la ghala la karafuu, alilonitupia mwenye gari la punda, nami sikumwuliza kalipataje. Mali ya umma ile, na nilijua. Nikaligeuza ndani nje, alama zisionekane. Harufu sikuweza kuigeuza.

Sasa rudi barazani.

Mabrouk: Redio hapana. Redio hainuki.

Darubini: Inanuka nini?

Mabrouk alitazama huku na huku. Akaliweka dele chini.

Mabrouk: Ile Ijumaa, shanta lilipokuwa karibu yangu, nilinusa karafuu.

Wewe ni mdogo, lakini wazee wako watakwambia, karafuu mnunuzi wake ni serikali tu, na mtu kukutwa nayo njiani bila ya karatasi si jambo la mchezo. Hata kulitamka kunataka moyo.

Methali: Haba na haba hujaza kibaba.

Darubini: Umesema! Mara hii umesema! Magogo yale yana karafuu. Pishi moja leo, pishi moja kesho, nani atamshuku mtu wa maji?

Mabrouk: Na chupa?

Darubini: Chupa za kutudanganya. Tena sasa nimefahamu. Yule hapimi maji, anapima kina. Kisima kirefu kinaingia magunia mangapi? Anazificha visimani!

Mabrouk: Si zitarowa?

Methali: Visima vya kule kusini vina maji ya chumvi. Kwa nini? Vimeungana na bahari chini kwa chini. Unatia karafuu kisimani huku, inatokea Mombasa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mabrouk: Sasa mgeni nani hapo?

Methali: Karafuu.

Nikacheka. Naam, nilicheka na mimi, na hilo liandikwe pamoja na mengine. Nikasema moyoni, maneno ya baraza haya, yatakwisha na kahawa. Kisha Darubini akajifuta mdomo.

Darubini: Mimi nshamaliza kazi yangu. Juzi nilimwambia mmoja wa wale askari wa kizuizi cha njiani. Sikumsingizia mtu. Nilimwambia tu, shanta lile litieni pua.

Mabrouk: Umefanya hivyo?

Darubini: Ulitaka nifiche? Nikiambiwa baadaye nilijua nikanyamaza, je?

Methali: Kikulacho ki nguoni mwako.

Alimkusudia Simai, maskini, na akanitazama mimi kwa kuwa nilikuwa mbele yake. Nikatia mkono mfukoni, nikaishika sindano yangu kubwa ya soji kana kwamba mtu ataiona. Nikasema, "Mabrouk, nitilie chengine." Hicho ndicho kile kikombe cha tatu.

Sikuwahi kukinywa. Mwanamke aliyevaa buibui alikuwa amesimama mbele ya baraza, vumbi mpaka magotini. Akatoa salamu, tukaitikia.

— Mnisamehe kuwakatia mazungumzo. Mimi Tabia, mke wa Simai wa Kiembe Samaki.

Darubini akavuta miguu yake ndani.

— Karibu, Bi Tabia, alisema Mabrouk. Kuna kheri?

— Mume wangu kazuiliwa tangu jana magharibi. Wanasema shanta lake linanuka karafuu. Yeye kawaambia harufu ni ya gunia, fundi alitia gunia kwenye mito. Wamemwambia basi mtaje fundi aje aseme. Kakataa. Anasema hamtii matatani mtu aliyemponya mgongo.

Akakung'uta vumbi la buibui.

— Hata mimi hakunitajia jina. Najua tu ni Ng'ambo. Tangu asubuhi nimeuliza vibanda vinane vya cherehani. Sitaki kumgombeza huyo fundi, wala sitaki kumshitaki. Nataka aje aseme neno moja tu. Shanta lile kalishona nani?

Darubini, anayeona kila kitu, alitazama kandambili zake. Methali alifungua mdomo akaufunga. Tangu nimjue sikupata kumwona amekosa methali. Mabrouk ndiye aliyenigeukia, kwa wema wake.

— Fundi Mcha, wewe ni mtu wa sindano. Hujasikia?

Ndugu yangu, nikageuza macho kibandani kwangu. Nikaliona lile gunia lililobaki, limekunjwa chini ya meza yangu, hatua sita kutoka alipokuwa amesimama. Nikasema:

— Mimi nashonea punda.

Kweli tupu. Nimekaa darsani miaka mingi nikisikia habari za uongo, wala sikujua kama mtu anaweza kuusema kwa maneno ya kweli.

Bi Tabia akanitazama mikono. Mikono yangu ina sugu za uzi wa katani, haifichiki. Sijui kama alifahamu. Alisema, "Ahsanteni, Mungu awaweke," akashika njia kuelekea kwenye kibanda cha cherehani cha tisa.

— Kahawa, nikasema.

Mabrouk akainamisha dele. Likatoka tone moja, kisha machicha. Akaondoka bila ya kuaga, na baraza ikavunjika mapema siku ile. Kesho yake tulikaa tena tukazungumza habari za mvua.

Simai alikaa ndani siku nne. Siku ya nne mtu mmoja akapata akili ya kuipasua mito kwa kisu, ukamwagika usumba, wakamwachia. Shanta alirudishiwa vipande viwili. Nilimwona wiki ya pili yake anapita, kabeba ule mfuko wa mpira wa afisi, na nyuma ya shati, pale kwenye uti, pana doa. Akanisalimia! "Fundi, habari za punda?" Nikamjibu wazima. Darubini alijitia kutafuta kitu chini.

Gunia lililobaki nimelirudisha ghalani kwa mikono yangu, na niliyoambiwa huko niliyastahili. Kisha nikanunua turubai dukani nikashona shanta jengine, risiti nimeishonea ndani ya mfuko mdogo, mwenye kutaka ataiona. Mito miwili, mfereji katikati, mikanda mipana. Kitambaa cha mito ni merikani mpya, nimeikosha mara tatu na kuinusa mara tatu. Na mdomo wa kila mto sikuushona, nimeutia kamba ya kufunga na kufungua, ili atakayeshuku afungue kwa vidole aone usumba, asilete kisu.

Nimekwenda nalo Kiembe Samaki mara mbili. Mara zote mbili mlango ulikuwa wazi na Bi Tabia yuko uani anapepeta mchele, na mara zote mbili miguu yangu iligeuka. Nnaomba toba kila alfajiri, lakini toba ya haki ya mtu haimaliziki msikitini, ataka umfikie mwenyewe.

Wewe nyumba yako ni huko huko, jioni utapita mbele ya mlango ule. Basi nakuomba, lichukue ulipeleke. Mzigo si mzito. Umkabidhi Bi Tabia mkononi, na usingoje akuulize. Mwambie kalishona Mcha.