Orest Hrynkiw, Kipa Aliyetolewa Basela

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni kidogo kelele za vyombo. Orest Hrynkiw ametutoka. Kipa Orest Hrynkiw amefariki Jumanne nyumbani kwake Lake Marrow, mkewe Slavka akiwa amemshika mkono.

Alizaliwa hapa hapa Kettle Bend. Narudia, maana wapo wanaopenda kusahau: Orest alikuwa wetu. Baba yake, mhamiaji kutoka Ukreni, alilima ngano ng'ambo ya reli. Hoki alijifunzia kwenye bwawa lililoganda nyuma ya zizi, amejifunga magunia miguuni, dada yake Olha akimpigia.

"Nilikuwa namlenga puani makusudi," Olha ametuambia. "Hakufumba macho hata siku moja."

Basi akawa kipa wa akiba wa timu ya mji. Meneja alikuwa Lyle Pruden, mkwe wa tajiri wa maghala ya nafaka. Cheo hicho alikioa. Alikuja uwanjani na koti la manyoya, akaondoka kabla mechi haijaisha asije akasukumana na watu.

Mwaka wa hamsini na nane, Pruden alimtamani Corbin Vance, mshambuliaji wa Lake Marrow mwenye meno mazuri gazetini. Lake Marrow wakakubali kubadilishana kwa beki mmoja, ila wakaomba na nyongeza. Pruden akawajibu kwa simu, huku anatafuna, wamchukue na yule kipa Mukreni, Hrenko sijui Hrinka. Kama muuza nyanya anavyotupia basela kwenye kikapu.

Bahati mbaya yake, aliyeunganisha simu ile pale posta alikuwa Olha.

Jioni alimsimulia kaka yake mezani, mbele ya sahani ya pirogi za viazi. Orest akaweka uma chini.

"Jina langu alilitaja?"

"Alijaribu," Olha akasema.

Kesho yake Orest alipanda treni.

Sasa sikilizeni hesabu za werevu wetu. Vance alilalamikia baridi, akalalamikia kocha, na theluji ilipoyeyuka alikuwa mjini Regina anauza magari. Orest naye alikaa benchi mpaka kipa wa kwanza wa Lake Marrow alipovunjika kifundo cha mkono. Akaingia. Hakutoka langoni tena mpaka alipostaafu.

Msimu uliofuata, fainali ilichezwa hapa. Lake Marrow bao moja, Kettle Bend sifuri. Washambuliaji wetu walipiga mpaka magongo yakavunjika. Baba yake Orest alikaa upande wetu, skafu ya Kettle Bend shingoni, mikono mapajani, asijue ampigie nani makofi. Slavka anasema ni hilo lililomliza Orest njiani kurudi. Kombe hata hakuligusa.

Lakini kabla hawajaondoka, Pruden aliingia chumba cha kuvalia cha timu ngeni, mpiga picha nyuma yake. Akatangaza kwamba kipaji kile alikiona zamani, na kwamba alimpeleka kijana akakomae. Orest alikuwa anafungua kamba za viatu.

"Bwana Pruden," akasema, "umekanyaga taulo langu."

Mwaka uliofuata alitufungia mlango tena. Watu wakachoka kuja. Matajiri wakaiuza timu, paa la uwanja likaangushwa na theluji, na hakuna aliyelinyanyua. Lake Marrow wakajenga uwanja mpya, na vijana wetu wakahamia huko mmoja mmoja. Timu ya mji mzima ilikufa kwa basela. Pruden alizeeka vizuri tu, akisimulia kwamba ni bahati mbaya.

Juzi waliokuwa wakurugenzi wa klabu walipeleka jezi ya Kettle Bend, wakiomba itandikwe juu ya jeneza. Slavka aliipiga pasi, akaikunja, akawarudishia.

"Akiwa hai mlimtoa bure," aliwaambia. "Amekufa, ndiyo mnamtaka?"

Mama Slavka, dada Olha, na wanenu: poleni sana. Kettle Bend inalia pamoja nanyi, ingawa haina haki kubwa ya kulia. Na sisi tuliobaki tujiulize, maana Pruden hakuwa peke yake. Siku Vance aliposhuka kwenye treni, nani hakwenda stesheni kushangilia?

Mazishi ni Jumamosi asubuhi, Lake Marrow. Twendeni, wapendwa. Na tukifika kanisani, tukae viti vya nyuma.