Trela Iliyokosa Mahali pa Mama Mkwe

Bwana asifiwe! Naona wa benchi za nyuma bado wanasukumana kutafuta nafasi. Bwana asifiwe tena! Haya, sasa tumeamka wote. Mchungaji amenipa muda mfupi, na mimi ni mtu wa kushika muda, maana nimefanya kazi kule ambako ukichelewa unakuta mtu mwingine amevaa ovaroli yako.

Ndugu zangu, kwa wageni, mimi ni Barasa, mzaliwa wa Tongaren, na siku hizi ninaabudu hapa Kitale pamoja nanyi. Sikusomeshwa na mjomba wala mheshimiwa. Niliuza nyanya soko la Misikhu, nikalimia watu kwa ng'ombe wa baba, nikajilipia chuo mpaka nikapata diploma ya ufundi wa magari. Diploma hiyo iko ukutani kwangu ndani ya fremu, mnakaribishwa kuiona. Baadaye Mungu akanifungulia mlango wa Marekani, nikafanya kazi katika yadi ya kutengeneza trela za kulala. Wengine walirudi na lafudhi peke yake. Mimi nilirudi na ufundi na akiba yangu, na jina langu halijachafuka. Utukufu kwa Mungu!

Lakini nilipokuwa ng'ambo, mke wangu Nekesa na watoto wetu wawili waliishi hapa mjini katika chumba cha kukodi. Kitanda, meza, jiko na baiskeli, vyote humo humo. Nilimwahidi kwa simu kila mara: "Nikirudi, utakuwa na nyumba yako." Na ninyi mnajua mambo yetu Wabukusu. Mwanamume asiyejenga kwa baba yake, hata awe na diploma, kwenye matanga anatumwa kuchota maji pamoja na vijana. Hiyo ndiyo aibu iliyokuwa inaningoja Tongaren.

Nilipofika nyumbani, Nekesa aliniambia neno moja tu: "Baba Simiyu, sasa tujenge."

Nami nikaona nina wazo la akili kuliko kujenga.

Nje kidogo ya Kitale aliishi mmishonari mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao. Alikuwa anauza trela yake ya kulala pamoja na pikapu ya kuivuta. Na haikuwa trela ya hivi hivi, ndugu zangu! Ilikuwa fifth-wheel. Jina lisiwababaishe. Mmeona malori marefu yanayokwenda Malaba? Nyuma ya kichwa cha lori kuna sahani kubwa ya chuma ambayo trela hukalia. Trela hii ni ndugu yake. Haifungwi kwenye bampa kama mkokoteni. Ina shingo inayopanda juu ya pikapu na kukaa katikati ya sanduku lake la mizigo, juu ya ekseli ya nyuma. Ndani ya shingo ndipo kuna kitanda. Unapanda ngazi ndogo, unalala juu kama mfalme.

Niliijua trela ile kuliko mwenyewe. Mzee yule alistaajabu nilipolala chini yake nikaanza kumtajia kila kipande. Akasema, "Bwana Barasa, ichukue. Kaa nayo wiki moja na familia yako. Kisha uniambie ndiyo au hapana."

Basi nikaanza kupima, na katika kupima trela, kuanzia Webuye mpaka hapa, hamtapata wa kunifikia. Uzuri wake ni mwingi. Shingo ile inatulia barabarani, upepo hauiyumbishi kama trela za kuvutwa kwa nyuma. Ndani mtu mrefu anasimama wima. Kuna jiko, friji, sofa inayogeuka kitanda cha watoto, bafu na choo. Ukichoka na jirani, unaunganisha na kuondoka! Ubaya wake pia niliuona, sikuwa kipofu. Sanduku la pikapu huwezi tena kubebea gunia hata moja, kwa sababu shingo imelikalia. Taa na friji vilikuwa vya umeme wa kwao, si huu wetu. Mlango uko upande wa kulia, maana kwao gari hupita kulia. Hapa kwetu ukisimama kando ya barabara, unashuka moja kwa moja mbele ya malori. Tena choo kina tangi chini yake, na kule kuna vituo vya kulimwaga. Hapa ningelimwaga wapi, Mto Nzoia? Lakini kila ubaya niliupatia dawa kichwani. Transfoma nitaweka. Shimo la choo nitachimba. Mlango nitauhamisha kwa mkono wangu mwenyewe, nina ufundi.

Nikamweleza Nekesa yote jioni moja, kirefu. Alinisikiliza huku akichambua mboga, akauliza, "Na mvua ikinyesha, wageni watakaa wapi?"

"Wageni gani?"

Aliendelea na mboga zake.

Ndugu zangu, kabla sijaivuta kwenda Tongaren nilipiga magoti. Hapo ndipo ushuhuda wangu ulipo, msiupite. Nilijua kwamba nikisema ndiyo kwa yule mzee, akiba yote imekwenda, na nyumba ya matofali Nekesa haioni tena. Nikasema, "Bwana, kama trela hii ni yangu, nionyeshe. Kama si yangu, nionyeshe pia, tena kwa lugha ambayo hata mimi nitaelewa." Ombeni hivyo, lakini muwe tayari kujibiwa!

Tulipoingia Tongaren, watu waliacha majembe shambani. Watoto walikimbia nyuma yetu wakipiga kelele. Ndugu yangu Wafula, ambaye hajawahi kunihurumia tangu utoto, alisimama mlangoni kwake mikono kiunoni.

"Kumbe umerudi ukiwa konokono! Si unatembea na nyumba mgongoni, bana?"

"Konokono gani ana diploma?" nikamjibu, na watu wakacheka upande wangu.

Nikachagua mahali pazuri, tambarare, penye nyasi fupi, karibu na nyumba ya Wafula. Nikashusha ile miguu miwili ya chuma ya mbele, nikaweka mbao chini yake kama nilivyofundishwa, kisha nikaitenganisha na pikapu na kuisogeza pikapu kando. Nilitaka watu waone kwamba inasimama yenyewe. Nayo ikasimama! Shingo ilibaki hewani, na chini yake pakawa na kivuli kizuri. Watoto wangu, Simiyu na Nafula, pamoja na wa jirani, hawakuchelewa. Walitandika mkeka pale, wakaleta mikebe yao, wakaanza kupika ugali wa mchanga. Nilifurahi. Nikasema, tazama, hata veranda imo.

Siku chache tulikaa hivyo, na kila siku watu walikuja kutazama. Moyoni nilikuwa nimekwisha kusema ndiyo.

Kisha, alasiri moja, akaja mama mkwe.

Alitoka Sirisia na kuku kwapani na ndizi kichwani, maana alikuwa amesikia binti yake ana nyumba. Wingu lilikuwa limeshuka kutoka Mlima Elgon, jeusi. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni mwa trela. Nilipomwona nikageuza uso haraka, naye akasimama mbali penye ua, akavuta leso kufunika uso upande. Vijana wa leo mnacheka. Sisi tulilelewa hivyo. Mama mkwe humpi mkono, hukai naye chumba kimoja, wala yeye halali chini ya paa lako. Hiyo si chuki, ndugu zangu, ni heshima.

Mvua ikaanza, matone makubwa. Nekesa akatoka mbio.

"Mama, ingia! Utalowa!"

"Niingie wapi?"

"Si ni hapa tu!"

"Nekesa, unataka nilaaniwe uzeeni? Mlango ni mmoja. Na kitanda cha mkwe ninakiona kutoka hapa nilipo, na blanketi yake nyekundu!"

Kweli, dirisha la shingo lilikuwa wazi na blanketi ilikuwa nyekundu. Nikaona nitumie akili. Nikatoka nikapita upande wa pili, nikajibanza nyuma ya pikapu kwenye mvua ili kumwachia nafasi. Nekesa akasema, "Mama, ametoka sasa, ingia."

"Hata akitoka, kitanda chake hakijatoka!"

Nilisikia jirani mmoja akiangua kicheko. Mimi, mtu wa diploma, nimelowa nyuma ya pikapu, na nyumba yangu yenye friji haiwezi kumpokea mama mmoja mwenye kuku! Nilikasirika, siwafichi. Niliona mila imeniharibia jina mbele ya watu.

Mvua ikazidi, ikaja na mawe. Watoto wote walikuwa wamejikunyata chini ya shingo, pakavu, wanafurahia. Mama mkwe akageuka kuelekea jikoni kwa Wafula, nyumba ya udongo isiyo na kitanda cha mtu. Alipopita karibu na watoto akasimama, akanyoosha mkono.

"Wajukuu wangu, njooni mnishike. Huku kunateleza. Na ninyi wengine, njooni mnibebee ndizi."

Simiyu akalalamika kwamba ugali haujaiva. Bibi yake akamwambia, "Njoo nao." Wakatoka wote, wengine wamemshika kanga, wengine wanang'ang'ania mkungu, wakapigwa na mawe ya mvua huku wakipiga mayowe ya raha, mpaka wakaingia kwa Wafula.

Ndugu zangu! Mlango ule ulikuwa haujafungwa vizuri niliposikia kitu kama mti unavunjika. Mguu mmoja wa trela ulizama ardhini kama msumari katika ndizi mbivu. Wa pili ukapinda. Na ile shingo, na kitanda changu cha kifalme, na chuma chote kile ninachojua uzito wake, ikashuka juu ya mkeka. Juu ya ile mikebe! Ilinyamaza hapo, imeinama kama ng'ombe anayekunywa maji.

Mungu ni mwema! Semeni, Mungu ni mwema!

Nilijua wameingia kwa Wafula, nilikuwa nimewaona kwa macho yangu. Lakini nilikimbia mpaka kwenye ukuta wa ile nyumba ya udongo, nikasimama, maana ndani yupo mama mkwe na siwezi kuingia. Nikaweka mikono ukutani nikaita, "Simiyu!" Akaitika. "Nafula!" Akaitika. Nikaita na wa jirani, kila mmoja kwa jina, nao wakaitika wakicheka, walidhani ni mchezo. Kisha nikawaita tena kuanzia mwanzo.

Ndipo nikasikia sauti ya mama mkwe, haisemi nami, inasema na binti yake, kama ilivyo desturi: "Mwambie wako hapa wote. Mwambie ajifunike, atapata homa."

Nililia, ndugu zangu. Nililia nje ya ukuta ule, mvua ikinipiga, na sikuona haya.

Mvua ilipokata, Wafula alikuja akatazama lile shimo, akashika kichwa. "Si hapa ndipo nilipochimba udongo wa kukandika nyumba, wewe ukiwa Marekani? Nikajaza mabua na kufunika juu. Nilidhani umepima, na diploma yako!"

"Nilipima trela," nikamwambia. "Ardhi sikuipima."

Kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe, Wafula alinishika bega bila mzaha.

Tuliitoa kwa trekta. Miguu ile niliitengeneza mwenyewe kwa mikono hii, ikawa imara kuliko ilivyotoka kiwandani, na yule mmishonari akakiri hivyo. Nikamwambia hapana. Akacheka, akasema hata mke wake hakuwahi kuipenda ile ngazi ya kitanda.

Msinielewe vibaya. Trela si dhambi! Ni chombo kizuri kwa mtu wa kuzunguka, na kama kuna mmoja wenu anataka kununua, aje kwangu kwanza, nitamfundisha yote. Lakini nitamuuliza swali ambalo Nekesa aliniuliza akichambua mboga.

Leo tuna nyumba Tongaren, ya matofali na mabati. Kando yake kuna nyumba ndogo ambayo mlango wake unatazama upande mwingine, yenye kitanda ambacho mimi sijawahi kukikalia. Niliijenga hiyo ndogo kwanza. Nekesa alipoiona imepauliwa, alikaa ndani yake peke yake kitambo, akatoka akiwa amefunga kitenge upya kichwani, na hakuniuliza tena habari ya wageni.

Ndugu zangu, kuna mtu hapa aliyemwomba Bwana ishara na sasa anakasirika kwa sababu ishara imekuja imebeba kuku. Ipokee! Mtumaini Mungu hata anapokuaibisha mbele ya jirani, kwa maana huenda wakati huo huo anawaita watoto wako watoke mahali pabaya. Kama moyo wako unaguswa, njoo mbele, tutaomba pamoja.

Ninamaliza. Mama mkwe wangu yuko ibadani leo. Amekaa karibu na mlango, na ndiyo maana tangu nianze sijatazama upande ule. Siwezi kumpa mkono. Lakini ninyi mna mikono. Tukitoka, tafadhalini, mmoja wenu amshike mkono kwa niaba yangu, tena kwa mikono miwili, amwambie: wote waliitika.