Mama Hester Anarudi Harrowcombe

Mheshimiwa Kanali Strickland, Baba Kasisi Penrose, wazee mliozaliwa hapa Harrowcombe, na ninyi watoto wao mnaokijua kijiji hiki kwa kusimuliwa tu: nawasalimu, na karibuni kwetu.

Nimeombwa niseme machache kabla hatujamzika mama yangu, Hester Loveridge. Hakupenda maneno mengi kanisani. Angekuwa hai angeshanivuta sketi niketi.

Desemba ile ya vita, jeshi lilipolitaka bonde letu kwa mazoezi, tuliambiwa tuhame, na vita vikiisha tutarudi. Mkokoteni ulikuwa mlangoni, naye mama amepiga magoti anasugua sakafu ya mawe. Nikamuuliza, "Mama, unamsugulia nani?"

"Najisugulia mwenyewe. Nikirudi sitaki kukuta uchafu."

Vita vikaisha. Nani kati yetu hakufunga mizigo? Lakini bonde likabaki la jeshi. Mjini tulipewa nyumba yenye bomba ndani, majirani wakasema, "Hester, umeula!" Naye akawajibu, "Nimeula, ila sishibi." Uzeeni alisahau majina ya wajukuu, lakini hakusahau ni nani aliyekaa nyumba ipi, tangu kwa mhunzi hadi kwenye kinu cha kusagia nafaka.

Mwaka jana, siku ile moja tunayoruhusiwa kuzuru kila mwaka, aliketi kwenye kizingiti cha nyumba yetu. Paa halipo, mti umeota jikoni. Ikafika saa ya kuondoka, akagoma. Kanali mwenyewe akaja.

"Bibi, basi linaondoka."

"Liende salama. Mimi nimefika."

"Hapa pana mabomu ambayo hayajalipuka, Bibi."

"Mwanangu, miaka yote hii nakula kabeji ya binti yangu, anayepika kama anayechemsha nguo. Bomu litanitisha?"

Kanali, hukumshika mkono kumwinua. Ulivua kofia, ukaketi naye kwenye jiwe lile. Akakuonyesha kwa mkongojo: ile ilikuwa shule, lile ghala la nafaka ni la tangu enzi za watawa, pale juu bwana mkubwa, mwenye mashamba yote haya, alivunjika mguu akifukuza bata. Ukamuuliza, "Bibi, unataka nini hasa?" Nilidhani atadai nyumba yake.

Akasema, "Kanisa lisivuje. Na nafasi kando ya kaburi la mume wangu."

Uliomba kwa wakubwa wako jeshini, ukakataliwa, ukaomba tena. Leo mvua inanyesha na hakuna aliyelowa humu ndani. Ruhusa ya kaburi ilipotoka, mama alikuwa hospitalini. Nilipomwambia, akasema, "Basi lipige pasi lile gauni la bluu." Wiki ileile akatutoka.

Kanali, ahsante. Na ninyi nyote, Mungu awalipe kwa kufika na kwa kunivumilia. Jioni geti la jeshi litafungwa nyuma yetu. Sisi tutalala ugenini.

Mama atalala kwao.