Mlango wa Paina wa Marehemu Ezron Simbeye

Ndugu waombolezaji, mimi ni Edson Simbeye, mdogo wa marehemu, nimepewa na ukoo kazi ya kusoma historia hii, nami nitaisoma huku nikiwatazama usoni, maana tangu juzi kuna maneno yanazunguka chini ya turubai hili.

Marehemu Ezron Simbeye alizaliwa tarehe 3 Juni 1961 huko Ivuna, kwa mujibu wa cheti cha ubatizo, ingawa mama yetu aliibishia tarehe hiyo mpaka anakufa, akamaliza shule ya msingi hukohuko mwaka 1976, akajifunza useremala Vwawa, na mwaka 1984 akafungua karakana hapa Chapwa. Alikuwa mtu wa kushuku, na kuliko wanadamu wote aliishuku mbao ya paina, ambayo alisema hata ukiipaka rangi itakunywa maji kwa siri, ivimbe masika na kusinyaa kiangazi.

Tarehe 12 Agosti 1989 alifunga ndoa na Roda, wakajaliwa watoto watatu, Fausta, Clever na Faith.

Oktoba iliyopita, paina ikiwa kavu kabisa, alitengeneza mlango wa chumba chao unaotazama uani, ukakaa barabara kwenye fremu, mvua zilipoanza ukabana, Roda akamsihi aurande, akakataa, akisema ukiranda mlango masika, kiangazi utapitisha panya.

Marehemu alisumbuliwa na presha tangu mwaka 2019, na alfajiri ya tarehe 14 Februari 2025 alianguka chumbani, Roda akapiga yowe, majirani wakausukuma mlango, ukakataa kufunguka upesi, na alipofikishwa hospitali alikuwa amekwisha kata roho. Ndipo ikaanza minong'ono kwamba mke alikaza komeo makusudi, na wapo wanaotaka asitie udongo kaburini.

Mimi simwamini mtu kwa machozi yake, hata awe shemeji yangu, kwa hiyo jana mvua ikinyesha niliingia chumbani peke yangu, nikaushindilia mlango kwenye fremu, komeo sikuligusa, kisha nikashindwa kutoka, nikapiga kelele mpaka jirani yetu Sadoki na wenzake wakanitoa kwa mabega. Wenye minong'ono ninawaona mlipokaa, mlango uko pale, nendeni mkajifungie.

Tunawashukuru madaktari, majirani kwa mabega yenu, na mafundi wenzake waliochonga jeneza hili, ambalo kifuniko chake nimekikagua mara mbili.

Wa kwanza kutia udongo leo ni Roda. Kaka, pumzika kwa amani, mlango wako hatutauranda.