Mama Adelfina na Neno Alilolifukuza Maabara

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mama Adelfina Ansbert anavua koti jeupe, baada ya miaka thelathini na minne katika maabara ya hospitali yetu hapa Biharamulo. Alikuja binti mwembamba kutoka Mabawe, Ngara. Anaondoka bibi wa wajukuu, na wembamba, kama anavyosema mwenyewe, aliuacha njiani.

Kazi yake kubwa ilikuwa vinyama. Mama akija na uvimbe kwenye ziwa, daktari hukata kipande kidogo, na Mama Adelfina hukipokea hapo hapo na kukitumbukiza kwenye fomalini kisije kikaharibika. Zamani vyote vilipelekwa Mwanza kwa basi, na mara nyingi alivisindikiza mwenyewe, ndoo kaibana magotini. Kondakta mmoja alimtania, "Mama, sato wako leo wananuka dawa!" Akamjibu, "Waheshimu. Wakifika salama, mke wa mtu atapona." Toka siku hiyo ndoo ikawa inapewa kiti.

Miaka ya karibuni zilikuja dawa za alama, za kutia rangi seli za vinyama hivyo, na yeye, na umri wake ule, akaenda kujifunza pamoja na vijana. Kwa wasiojua, nieleze kama alivyotueleza. Mirija ya maziwa imezungukwa na seli kama mji unavyozungukwa na wigo, ule ambao kwao Mabawe wanauita urugo. Dawa ikiwekwa, wigo hushika rangi ya kahawia. Ukionekana mzima, seli za ndani ya mirija hazijatoroka nje, na daktari bingwa akishaangalia na sura ya seli zenyewe, mara nyingi husema si saratani. Wigo ukikosekana, hapo kuna kazi.

Basi kwetu maabara "imeshika" likawa neno la furaha. Siku moja slaidi ya Eustakia, mama lishe wa Nyakanazi aliyekuwa ananyonyesha, ilitoka safi. Mama Adelfina akapaza sauti dirishani kumwita daktari: "Ya Eustakia imeshika!" Eustakia alikuwa kwenye benchi nje. Yeye alichosikia ni kwamba ugonjwa umemshika. Daktari alipothibitisha kwamba si saratani na kutoka kumwita, benchi lilikuwa tupu na simu haipatikani.

Mama Adelfina hakusubiri kliniki ijayo. Alipanda basi mpaka Nyakanazi, akauliza kibanda kwa kibanda. Akamkuta ameshamwachisha mtoto ziwa, anamwelekeza mdogo wake jinsi mtoto anavyopenda kubebwa, maana alijua safari yake imefika.

"Shikamoo mama. Umekuja kuniaga?"

"Marahaba. Nimekuja kuomba radhi. Kilichoshika ni rangi, mwanangu, na rangi hiyo ni njema. Daktari kasema si saratani. Mpe mtoto ziwa, analia."

Wateja wa wali siku hiyo walisubiri sana.

Aliporudi alituita kikao, akaanza kwa kujilaumu mwenyewe, na "imeshika" ikapigwa marufuku. Sasa majibu ni ya chumbani: mgonjwa ameketi, mlango umefungwa, maneno mazima. Hata yaliyo mazito. Kwa Priscila, jirani yake wa Mabawe, wigo haukuonekana. Mama Adelfina alimshika Priscila mkono wakati daktari anaeleza, kisha akamfuatilia mpaka akafika Mwanza kutibiwa. Msimu huu Priscila amelima maharage yake kwa mikono yake.

Sisi wenye watoto wachanga alikuwa akitufukuza saa ya kunyonyesha ikifika: "Nenda! Hadubini haina njaa, mtoto anayo." Halafu anashika zamu yako bila kukukumbusha kesho yake.

Wenzangu, niseme wazi. Kuanzia Julai hayupo wa kututolea macho. Atakayetaka kupaza majibu ya mtu korido kwa sababu amechoka, ajue sote tumechoka, na anayesubiri majibu amechoka kutuzidi.

Mama, asante. Nenda nyumbani, ulale mpaka jua lichungulie dirishani, na afya ikae nawe miaka mingi. Akina mama uliowalinda tuachie sisi.

Teddy Thobias, mhudumu wa maabara