Mdomo wa Gabrieli

Kiwanda cha nguo kilipopigwa kufuli kikisubiri tajiri wa kukinunua, wafumaji walitoka na vitu viwili: masikio mabovu na ujuzi wa kusoma midomo. Mle ndani mashine zilinguruma hata watu wakasemeshana kwa midomo tu, bila sauti, na habari ikafika. Ndiyo maana pale kijiweni Mji Mpya, ukungu ukiwa bado umeikalia milima, walikuwa wanamsoma mwenzao Gabrieli. Alipopunguzwa kazi alichanganyikiwa, akaanzishiwa sindano ya kila mwezi ya kutuliza akili. Sasa taya lilitafuna bila kitu kinywani, ulimi ukichungulia na kurudi. Saa nne alitakiwa hospitali tena, na Maria, mkewe, alikuwa amemwachia kaka yake Anselmi aamue: sindano iendelee au iachwe.

— Iachwe, alisema Hatibu, ambaye kwa maneno yake mengi aliitwa Redio. Mtu anataja namba za mashine. Juzi kafika mia mbili na kumi. Zikiisha, na sisi tumekwisha.

— Redio, betri zako zimelala, alisema Mwinshehe, fundi mitambo, Grisi kwa jina la kijiweni. Yale ni majina. Anaisoma orodha ya waliopunguzwa. Jumatatu kamtaja Allen wa ghalani.

— Allen tuliyemzika Alhamisi?

— Huyohuyo.

Muuza kahawa akaacha kugonga vikombe.

— Bosi, Redio akamgeukia Anselmi, zamani ulitushinda wote kwa kusoma. Anasema nini?

Anselmi, msimamizi wao wa zamani, orodha ile aliiandika kwa mkono wake. Bila hata kuutazama ule mdomo, alijiambia kwamba unataja jina moja tu, lake yeye mwandishi.

— Anasema kahawa hii imechujwa kwa soksi.

Walicheka kidogo. Mdomo uliendelea.

— Shikamooni.

Alikuwa Winfrida, muuguzi wa utafiti kutoka hospitali. Akampa Gabrieli pamba ailowanishe kwa mate, akaifungia kichupani.

— Mate ya nini, mama? aliuliza Grisi. Wenzio, waganga wa Mlali, huchukua unyayo.

— Mtu akiishi na hofu, mwili hutoa homoni, na kwenye mate inaonekana. Hizi dawa nazo zinaweza kuutikisa mdomo. Tunatafuta kujua kama hofu inazidisha mtikisiko huo. Ila msiiache sindano kienyeji, ugonjwa unaweza kurudi. Hebu nisaidieni: mdomo ulianza kabla ya sindano au baada?

Redio alimtazama Grisi. Grisi alikitazama kikombe. Mwaka mzima walikuwa wameusoma mdomo ule kama gazeti, na hakuna aliyejua ulianza lini. Anselmi alikumbuka viatu vya shemeji yake, kiraka cha shati, mpaka kola. Juu ya kola, tangu siku ya orodha, hakuwahi kutazama.

Akasogea hadi magoti yakagusana.

— Shemeji, akasema kwa sauti. Unatuambia nini?

— Siwaambii kitu. Sauti ya Gabrieli ilipenya katikati ya kutafuna, kavu, na akili zake timamu. Mdomo unakwenda wenyewe.

— Tangu lini?

— Sindano ya tatu. Nilikuja kwako nikuonyeshe. Ukaniambia kupitia mlangoni kwamba umelala.

Winfrida akaandika.

— Twende, alisema Anselmi. Daktari aambiwe hayo kabla hajagusa sindano. Na mimi nitakaa humohumo chumbani.

Gabrieli alisimama. Hakutabasamu, au pengine alitabasamu. Kwa mdomo ule, hakuna aliyeweza kujua.